Bidhaa haikufika: Jinsi ya kudai pesa zilizolipwa mtandaoni kabla muda haujayoyoma

UNUNUZI wa bidhaa kupitia mtandao umekita mizizi nchini Kenya, hususan tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa mnamo Machi 2007. Leo hii mkazi wa Lodwar anaweza kumlipa muuzaji aliye Nairobi katika muda usiozidi dakika moja. Hata hivyo, pesa husafiri kwa kasi ambayo mzigo hauna, na ni katika kipindi hicho cha kati, pesa zikiwa zimeshatoka na bidhaa haijafika, ambapo wanunuzi wengi hupata hasara.

Aghalabu mnunuzi ambaye hakuletewa alichokilipia hufanya mojawapo ya mambo mawili. Hunyamaza akiamini kwamba pesa zilizotoka hazirudi, au humpigia muuzaji simu kila uchao na kupewa ahadi ya kesho na kesho kutwa. Yote mawili humfaidi muuzaji. Njia za kurejeshewa pesa zipo, lakini karibu kila moja ina muda wake, na siku huendelea kuhesabika mnunuzi anapobembelezwa asubiri. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinawapa wanunuzi haki ya kupata habari kamili kuhusu bidhaa na haki ya kulindwa kwa maslahi yao ya kiuchumi. Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya 2012 nayo ina sehemu inayohusu mikataba inayofanywa kupitia intaneti. Inamtaka muuzaji kumweleza mnunuzi habari muhimu kabla ya mkataba kufungwa, na inampa mnunuzi nafasi ya kuuvunja iwapo hakuelezwa.

Kanuni kongwe zaidi imo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa. Kwa mujibu wake, kulipa na kukabidhiwa bidhaa ni mambo yanayopaswa kwenda pamoja, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vingine. Anayetuma pesa kabla ya kuona mzigo huwa amekubali vingine, na kwa kufanya hivyo huwa ameiacha silaha yake kubwa.

Sheria hiyo hiyo ina jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Iwapo makubaliano yalikuwa kwamba muuzaji atautuma mzigo, basi anapoukabidhi kwa msafirishaji huchukuliwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, kuwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Chukulia mfano wa mtu wa Kisumu anayeagiza runinga kutoka duka la Nairobi. Muuzaji akionyesha stakabadhi kwamba aliipeleka kwa kampuni ya basi, anaweza kudai kuwa wajibu wake umekwisha, ijapokuwa runinga haijaonekana Kisumu.

Hata hivyo, sheria inamtaka muuzaji afanye mapatano ya busara na msafirishaji kulingana na aina ya bidhaa. Akikosa kufanya hivyo na mzigo ukapotea njiani, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabiwa kuwa ameupokea. Dawa ya utata huu ni sentensi moja iliyoandikwa kabla ya kulipa: kwamba bidhaa itahesabiwa kuwa imefika pale tu mnunuzi atakapoipokea mkononi.

Hatua ya kwanza: ushahidi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mara tu siku ya kuletewa bidhaa inapopita, mnunuzi anafaa kukusanya kila kitu kinachothibitisha biashara hiyo. Ahifadhi arafa ya malipo, picha ya tangazo lililomvutia, mazungumzo yote na muuzaji, bei, tarehe iliyoahidiwa, pamoja na jina lililoonekana kwenye malipo. Picha za skrini zipigwe mapema kwa kuwa matangazo na kurasa za mtandaoni zinaweza kufutwa wakati wowote, na muuzaji anaweza kumfungia mteja asione ukurasa wake tena.

Kwa mizigo inayotoka ng'ambo, ni muhimu kwanza kuchunguza ilipo. Nambari ya ufuatiliaji ya vifurushi vya posta vya kimataifa huwa na herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka. Wakati mwingine kifurushi huwa kimeshafika nchini na kinasubiri ushuru wa forodha ulipwe. Mnunuzi aliyekosa kufuata ilani ya forodha atapata shida kumlaumu muuzaji.

Hatua ya pili: dai la maandishi

Baada ya ushahidi, mnunuzi amwandikie muuzaji ujumbe mfupi usio na matusi. Ujumbe huo utaje bidhaa, kiasi kilicholipwa, nambari ya muamala, tarehe iliyoahidiwa na siku ya mwisho ya kurejesha pesa, kwa mfano siku saba. Simu pekee haitoshi kwani maneno ya simu hayaachi alama. Benki, mamlaka za serikali na mahakama zote zitauliza swali moja: je, muuzaji aliarifiwa na akapewa nafasi ya kurekebisha kosa?

Kadhalika, mnunuzi asiyumbishwe na maneno kama "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Tangazo la aina hiyo huhusu mtu aliyepokea bidhaa kisha akabadili nia. Haliwezi kumhusu mtu ambaye hakupokea chochote.

Hatua ya tatu: njia iliyotumika kulipa

Hapa ndipo muda huamua mambo, na ndipo tofauti kati ya njia moja ya malipo na nyingine hudhihirika.

Aliyelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard ana kinga kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Anaweza kuiomba benki iliyompa kadi ipinge malipo hayo kwa sababu bidhaa haikufika. Benki yake huwasiliana na benki ya muuzaji, naye muuzaji hutakiwa kuthibitisha kwamba mzigo ulifika. Akishindwa, pesa hurejeshwa kwenye akaunti. Kwa kawaida kanuni za kampuni hizo za kadi huruhusu siku 120 kuanzia siku ambayo bidhaa ilitarajiwa kufika, lakini si vyema kusubiri hadi mwisho kwa kuwa benki nayo huhitaji muda wa kushughulikia ombi.

Aliyelipa kupitia PayPal ana siku 180 tangu siku ya malipo kuwasilisha lalamishi. Akishalifungua, ana siku 20 za kuliendeleza kuwa dai rasmi ambalo kampuni yenyewe italiamua. Siku hizo zikipita, lalamishi hufungwa na haliwezi kufunguliwa tena. Si ajabu basi kwamba muuzaji mjanja humsihi mteja "avumilie wiki tatu tu". Vilevile, pesa zilizotumwa kama zawadi kwa jamaa au rafiki hazina ulinzi huo, na muuzaji anayependekeza njia hiyo ili kukwepa ada anafaa kutiliwa shaka.

Katika baadhi ya masoko makubwa ya mtandaoni, pesa hushikiliwa na soko lenyewe hadi mnunuzi athibitishe kuwa amepokea bidhaa, au hadi kipindi maalumu kipite. Mnunuzi asibonyeze kamwe kitufe cha kuthibitisha kabla ya kuushika mzigo, hata akiambiwa kwamba hiyo ndiyo njia ya kuharakisha mambo. Aidha, asikubali kuhamishia malipo nje ya soko hilo kwa sababu ya punguzo la bei, maana akitoka nje huwa ameuacha ulinzi mlangoni.

Aliyelipa kwa M-Pesa ndiye mwenye nafasi finyu zaidi. Ni kweli kwamba mteja anaweza kuomba muamala ubatilishwe kwa kupeleka arafa ya malipo kwa nambari 456. Lakini huduma hiyo ilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari, si kwa ajili ya kuamua ugomvi wa biashara. Ikiwa mpokeaji ameshazitoa pesa, hakuna cha kubatilisha. Fauka ya hayo, kudai kwamba nambari ilikosewa ilhali sivyo ni kusema uongo, na uongo huo unaweza kumharibia mnunuzi kesi yake baadaye. Kwa hivyo, anayelipa kwa njia hii anapaswa kujua kwamba tegemeo lake kuu ni hatua zinazofuata.

Hatua ya nne: mamlaka na polisi

Mamlaka ya Ushindani Kenya, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010, hupokea malalamishi ya wanunuzi kuhusu wauzaji wanaotoa habari za uongo au za kupotosha. Lalamishi lenye ushahidi uliopangwa vizuri linaweza kumfanya muuzaji mwenye duka na jina la kulinda akubali kulipa.

Polisi nao wana nafasi yao, lakini ni vyema kuelewa mpaka wake. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitatu. Udanganyifu huo lazima uhusu jambo lililokuwapo au lililokwishapita, kwa mfano kudai kuwa na bidhaa ambayo muuzaji alijua hanayo. Muuzaji aliyeahidi kuleta mzigo Jumatano na akashindwa amevunja mkataba, lakini si lazima awe ametenda jinai. Ndiyo sababu baadhi ya walalamishi huambiwa kituoni kwamba hilo ni suala la madai. Anayeripoti anafaa kueleza wazi uongo alioambiwa, na asiondoke bila nambari ya ripoti yake katika kitabu cha matukio.

Hatua ya mwisho: mahakama

Kwa muda mrefu, kumshtaki mtu kwa ajili ya Sh15,000 kulionekana kuwa ni kutwanga maji kinuni. Gharama ya wakili pekee ingeweza kuzidi deni lenyewe. Hali hiyo ilibadilika Mahakama ya Madai Madogo, iliyobuniwa na sheria ya 2016, ilipoanza kazi katika eneo la Milimani, Nairobi, mnamo Aprili 2021. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo yale ya uuzaji wa bidhaa. Mlalamishi anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, mahakama haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60 tangu iwasilishwe.

Kikwazo kikubwa huwa ni kumjua wa kushtakiwa. Jina la ukurasa wa mtandaoni si jina la mtu. Jina lililo kwenye arafa ya malipo, pamoja na rekodi za usajili wa biashara zinazopatikana kupitia eCitizen, husaidia kumtambua mwenye duka.

Sheria inampa mtu miaka sita kudai haki inayotokana na mkataba. Ikilinganishwa na siku 20, siku 120 au siku 180, huo ni muda mrefu, ila mahakama ndiyo njia ndefu kuliko zote. Aliyechelewa kwingine bado anaweza kushinda hapo, lakini atalazimika kumtafuta muuzaji, kumthibitishia deni, kisha kuhakikisha hukumu inatekelezwa.

Katika pilkapilka hizi, mnunuzi ajihadhari pia na watu wanaojitokeza wakidai wanaweza kumrudishia pesa zake akiwalipa ada ndogo au akiwapa nambari yake ya siri. Hakuna benki, kampuni ya simu wala afisa wa serikali anayehitaji nambari ya siri ya mteja ili kumrejeshea pesa. Anayeitoa huwa amejiongezea hasara ya pili kabla ya kupona ya kwanza.