Je, Wajua? Bakteria Anayetema Dawa

Je, wajua kuwa antibiotiki inaweza kuingia ndani kabisa ya bakteria, kisha ikatolewa nje ikiwa nzima? Kijidudu ana pampu za protini kwenye utando wake. Dawa ikipenya tu, inanaswa na kusukumwa ilikotoka. Mwaka 1980, Laura McMurry, Stuart Levy na mwenzao, katika Chuo Kikuu cha Tufts kule Boston, walionyesha kwamba bakteria sugu wa E. koli hawaivunji antibiotiki ya tetrasaiklini. Wanaitema.

Je, wajua pampu hizo zimeyatangulia maduka yote ya dawa? Ile maarufu zaidi, AcrAB-TolC, ina kiini chenye vipande 3 vinavyopokezana zamu: hiki kinapokea, kile kinabana, cha tatu kinatema. Wala haichagui. Hutema dawa za jamii mbalimbali, sabuni, hata chumvi za nyongo, na bila hiyo mdudu wa tumboni angeishije? Bakteria wa taifodi, ambaye huweza kukaa miaka katika kifuko cha nyongo cha mtu aliyekwisha kupona, anayo pia.

Taifodi Gatwekera wanaijua. Kijiji hicho cha mtaa wa mabanda wa Kibera, Nairobi, pamoja na jirani yake Soweto, ndimo taasisi ya utafiti ya KEMRI na CDC ya Marekani walimofuatilia wagonjwa nyumba kwa nyumba na katika kliniki ya Tabitha. Kati ya 2007 na 2009 walipata visa 247 vya taifodi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Lwak, mashambani magharibi mwa Kenya, vilikuwa 29.

Wengi wa bakteria hao wa Kibera walikuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa mpigo. Si kazi ya pampu peke yake: ampisilini hukatwa na kimeng'enya, kloramfenikoli hubadilishwa umbo. Tetrasaiklini ndiyo hutemwa.

Kwa nini dozi nusu ni hatari? Bakteria ni kama mpangaji anayekumba maji ya mvua kwa karai: huokoa nyumba mvua ikiwa haba, ikizidi, analemewa. Vidonge viwili vitatu vya kubahatisha ni manyunyu tu.

Je, wajua herufi moja ya jeni inatosha? Mwaka 2019, watafiti wa Bangladesh walieleza taifodi iliyoshinda dawa ya azithromaisini kwa badiliko dogo tu katika AcrB, kiini cha pampu ile ile.

Na mabomba ya maji yanayopita juu ya mapaa ya Kibera? Shirika la SHOFCO liliyainua ili yasilale kwenye mitaro ya majitaka, mnamopita taifodi.

Chanjo nayo haijali pampu, kwa sababu kingamwili humkamata bakteria kwa nje. Kenya ilianza kuitoa chanjo mpya ya taifodi Julai 2025, kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14.