Hifadhi za Kidijitali za Utafiti wa Vyuo Vikuu: Madhumuni na Matatizo Yake kwa Mfano wa Maparoni

1.0 Utangulizi
Makala haya yanafafanua madhumuni ya hifadhi za kidijitali za utafiti katika vyuo vikuu na matatizo yanayozikabili, kwa kurejelea Maparoni, kata iliyomo katika delta ya mto Rufiji. Hifadhi ya aina hii ni makavazi ya kompyuta ambamo chuo hukusanya, huorodhesha na kutolea umma tasnifu, makala na ripoti za wanataaluma wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vyenye hifadhi hiyo.

2.0 Madhumuni
Madhumuni makuu ni mawili: kutunza na kueneza. Delta ya Rufiji, yenye takriban hekta 53,000 za mikoko, imechunguzwa na watafiti kwa miongo mingi. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji katika sehemu ya juu ya mto, na mtiririko wa asili ukabadilika. Kwa hiyo tasnifu ya zamani iliyopigwa taipu, ikieleza mafuriko na kilimo cha mpunga cha wakati ule, ni ushahidi usioweza kukusanywa upya. Nakala yake ikiliwa na mchwa, hakuna pa kuanzia kulinganisha.

3.0 Matatizo
Kuipiga tasnifu picha hakutoshi. Kwanza, kuna uorodheshaji. Maparoni ilikuwa katika wilaya ya Rufiji kabla wilaya ya Kibiti haijaundwa katika muongo wa 2010. Atafutaye kwa jina la Kibiti hataziona kazi zilizoorodheshwa kwa jina la Rufiji pekee. Pili, kuna lugha. Ikisiri ikiwa ya Kiingereza tu, atafutaye "mikoko" au "kamba" hapati kitu. Tatu, kuna haki. Mzee aliyemsimulia mtafiti mgogoro wa mashamba miaka 30 iliyopita hakuombwa idhini ya maneno yake kusomwa duniani kote. Nne, kuna udumishaji: mitambo na wataalamu huhitaji fedha kila mwaka, ilhali ufadhili aghalabu huwa wa muda.

4.0 Hitimisho
Inapendekezwa kwamba kila tasnifu iwe na ikisiri ya Kiswahili, na itaje kijiji, kata na wilaya kwa majina ya wakati wa utafiti na ya sasa. Maarifa haya yalitolewa na wakazi wa delta wenyewe. Hifadhi isiyoweza kuyarejesha kwao imetimiza nusu tu ya kazi yake.