Neno "Kanisa": Jengo au Watu?

Neno "kanisa" limezoeleka mno hata maana yake haichunguzwi mara nyingi. Mjini Nakuru msemaji husema "kanisa limepakwa rangi" na papo hapo akasema "kanisa limeomba", bila kubadilisha ngeli wala kiambishi cha upatanisho. Katika sentensi ya kwanza jina hilo lataja jengo. Katika ya pili lataja watu. Sarufi haizitenganishi maana hizo mbili; muktadha ndio unaozitenganisha.

Kiswahili kililipata neno hili kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kutoka Kiaramu, ambako shina lake lina maana ya kukusanya. Shina la ukoo huohuo limo katika Kiebrania, na ndilo lililozaa Knesset, jina la bunge la Israeli. Katika Agano Jipya neno la Kiyunani ni ekklesia, yaani mkutano wa raia walioitwa pamoja. Kwa hiyo tafsiri ya Biblia ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952, ilipoweka "kanisa" mahali pa ekklesia, haikwenda kinyume cha asili. Lakini palipotajwa mkutano wenye ghasia wa Efeso, katika Matendo ya Mitume sura ya 19, tafsiri hiyo ilitumia neno jingine, ijapokuwa Kiyunani ni kilekile. Msomaji wa Kiswahili akakosa kuona kwamba ekklesia lilikuwa neno la barazani kabla ya kuwa la madhabahuni.

Matokeo yake hayakukomea katika tafsiri. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi, wakatilia mkazo ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo hukutana majumbani mwa waumini. Jina lililoshika ni "jumuiya", kana kwamba "kanisa" limekwisha kuachiwa jengo la parokia. Hali Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 16, alilisalimu kanisa lililokuwamo nyumbani mwa Priska na Akila.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika tarehe 1 Januari 2008, pale Kiambaa, karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walipochomewa humo, wakiwamo wanawake na watoto. Sentensi "kanisa limechomwa" ni sahihi kwa maana zote mbili. Lakini anayesikia jengo peke yake husikia hasara ya mbao na mabati, ambayo fundi aweza kuirudisha. Katika majuma hayohayo maelfu ya waliofukuzwa makwao walipiga mahema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Nakuru. Kwa maana ya jengo, watu hao hawakuwa na kanisa. Kwa maana ya asili, walilibeba walipokwenda.

Basi haja si kubuni neno jipya. Inafaa kamusi itangulize maana ya mkusanyiko wa waumini, kisha ndipo ilitaje jengo, ambalo limepewa jina kwa ajili ya wale wanaokusanyika ndani yake.