PICHA ISIYO NA JINA NI SHAHIDI BUBU

Penye mpaka wa Rusizi I, mahali mto utokapo Ziwa Kivu na kuitenga Cyangugu na Bukavu, wachuuzi wamezoea kuvuka na mizigo yao kichwani. Mwaka 1994, katika miezi ya Julai na Agosti, umati wa wakimbizi ulivuka hapo kuingia Zaire, na wapiga picha wa mataifa mengi waliushuhudia.

Ndugu msomaji, picha za mambo halisi, yaani zile zisizotungwa, zina aina zake.

Ya kwanza ni picha ya habari na vita. Mwaka 1994 Mmarekani James Nachtwey alimpiga picha Mnyarwanda mwenye makovu ya panga usoni. Picha hiyo ilipata tuzo kuu ya World Press Photo. Aina hii huushtua ulimwengu kwa mara moja.

Ya pili ni picha ya maisha ya jamii, nayo haina haraka. Mbrazili Sebastião Salgado aliwafuata kwa miaka kadhaa watu waliohama makwao, wakiwemo wakimbizi wa Rwanda, akatoa kitabu mwaka 2000.

Ya tatu ni picha ipigwayo na wahusika wenyewe. Mwaka huo wa 2000, huko Gisenyi, kaskazini ya ziwa hilohilo, watoto yatima wa kituo cha Imbabazi walipewa kamera. Badala ya kutazamwa tu na wageni, wao wakaonyesha wayaonayo.

Ya nne ni picha ya nyumbani: ya harusi, ya ubatizo, ya kitambulisho. Aghalabu hudharauliwa. Lakini katika kituo cha kumbukumbu cha Gisozi, Kigali, kilichofunguliwa mwaka 2004, zimetundikwa picha za namna hiyo zilizotolewa na jamaa za waliouawa. Picha ya harusi imegeuka ushahidi kwamba mtu huyu aliishi na alipendwa. Wako walionusurika ambao hawakubakiwa na picha hata moja.

Basi askari aendaye kazini mbali, na mama abakiye na watoto, wasingoje. Toeni picha sandukuni leo jioni, na za kwenye simu zisafishwe kwa mpiga picha. Nyuma ya kila moja andikeni kwa penseli laini, bila kukandamiza: jina, mahali na tarehe. Mzee angali hai aulizwe sasa. Mjukuu atakapouliza, "Huyu ni nani?", picha ijibu yenyewe.