Bahari Nayo Inahitaji Kupumzika

Ghana ni nchi ya Afrika Magharibi. Upande wake wa kusini iko bahari ya Atlantiki. Pwani yake ina urefu wa kilometa 550 hivi, na vijiji vya wavuvi ni vingi. Tusome habari za wavuvi hao, maana shida yao inaweza kumpata mvuvi yeyote.

Samaki na makao yao

Samaki wa baharini hawakai ovyo. Kila kundi lina makao yake. Wako wanaokaa chini, karibu na mchanga, matope na miamba. Hao ni kama changu na chewa. Wako pia wanaoogelea karibu na juu kwa makundi makubwa. Hao ni samaki wadogo wa jamaa ya dagaa papa. Bei yao ni nafuu, na hata mtu mwenye kipato kidogo huweza kuwanunua. Kwa sababu hiyo huko Ghana huitwa samaki wa watu.

Maji ya baridi huleta neema

Kila mwaka, kuanzia Julai mpaka Septemba, bahari ya Ghana huwa baridi. Kwa nini? Kwa sababu maji ya chini hupanda juu. Maji hayo yana rutuba, kama shamba lililotiwa samadi. Rutuba hiyo hutokana na mabaki ya viumbe yaliyozama na kuoza.

Maji hayo yakifika juu penye mwanga wa jua, mimea midogo sana huota kwa wingi. Mimea hiyo haionekani kwa macho. Vijidudu vya majini hula mimea hiyo. Dagaa papa huja kula, kisha hutaga mayai. Samaki wakubwa nao huwala dagaa. Basi huo ndio msimu wa mavuno ya baharini. Uko msimu mwingine wa maji baridi mwanzoni mwa mwaka, lakini ni mfupi.

Kazi ya baba na kazi ya mama

Mtumbwi wa Ghana huchongwa kwa gogo la mti uitwao wawa. Mtumbwi mkubwa huchukua watu zaidi ya kumi, pamoja na nyavu na mashine. Wanaume huenda kuvua. Akina mama hununua samaki, huwakausha kwa moshi na kuwapeleka sokoni. Mara nyingi mama ndiye anayekopesha fedha za mafuta ya mashine.

Karibu na mwaka 1970, mahali paitwapo Chorkor katika mji wa Accra, akina mama na wataalamu walitengeneza tanuri jipya. Trei za wavu hupangwa moja juu ya nyingine juu ya moto. Kwa hiyo kuni kidogo hukausha samaki wengi.

Kwa nini samaki wamepungua?

Katika miaka ya 1990, dagaa papa waliovuliwa walizidi tani 100,000 katika miaka mingine. Kufikia mwaka 2016 walikuwa karibu tani 20,000 tu. Sababu ni hizi:

1. Mitumbwi imekuwa mingi mno.
2. Wako wanaovua kwa taa kali, baruti au sumu, ingawa sheria inakataza. Nyavu zenye matundu madogo huzoa hata samaki wachanga.
3. Meli kubwa zilizoruhusiwa kuvua samaki wa chini huvua pia dagaa. Baadhi yake ziliwagandisha na kuwauza huko huko baharini. Biashara hiyo huitwa saiko, nayo imekatazwa na sheria. Ebu fikiri: mvuvi anarudi na wavu mtupu, kisha mkewe ananunua samaki ambao mumewe angewavua.

Kuipumzisha bahari

Tangu zamani, katika vijiji vingi vya pwani ya Ghana, wavuvi hawaendi baharini siku ya Jumanne. Ni mila ya wazee. Siku hiyo hushona nyavu na kusuluhisha magomvi.

Mwaka 2018 serikali ilitaka kufunga uvuvi mwezi wa Agosti. Wavuvi walikataa, kwa kuwa Agosti ni mwezi wa mavuno. Serikali iliahirisha. Mwaka 2019 mitumbwi ilipumzika kwa mara ya kwanza, tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Juni. Kusudi lilikuwa samaki wapate kutaga mayai. Lakini mwezi mmoja bila kazi ni mrefu kwa mwenye watoto. Wengi walilalamika kuwa hawakuwa na kipato kingine.

Mwaka 2025 ilitungwa sheria mpya. Eneo la karibu na pwani ambalo meli kubwa haziruhusiwi kuvua liliongezwa kutoka maili 6 za baharini hadi maili 12, yaani kilometa 22 hivi.

Mkulima hali mbegu zote, hata akiwa na njaa. Huweka nyingine kwa ajili ya kupanda. Samaki mwenye mayai ni mbegu ya bahari. Lakini anayeambiwa asubiri naye lazima asaidiwe kupata chakula wakati wa kusubiri.

Tujadiliane

1. Kwa nini dagaa papa huwa wengi wakati maji ni baridi?
2. Kwa nini wavuvi walikataa kupumzika mwezi wa Agosti?
3. Kama uvuvi ungefungwa kwa mwezi mmoja, familia za wavuvi zingesaidiwaje?