Mti Gani Kando ya Nyumba?

Mtu apandaye kutoka Uvira kwenda Rurambo huacha nyuma michikichi na miembe ya pwani ya Tanganyika, iliyo mita 770 hivi juu ya bahari, akakuta baridi, ukungu na upepo. Huko juu mwembe hauzai vema. Basi, ndugu msomaji, ukitaka mti wenye majani mabichi mwaka mzima, usiangalie kwanza uzuri wake. Uliza utakunyima nini.

Wengi hupanda mkaratusi, maana hukua upesi na ukikatwa huchipua tena. Hatuulaumu: umetupa nguzo na kuni. Lakini hunywa maji mengi, na mahindi yaliyo karibu nao hudhoofika. Kuna waupandao juu kidogo ya chemchemi, kisha wakashangaa mtungi kuchelewa kujaa! Mahali pake ni mbali na maji na shamba.

Sipre, ambayo asili yake ni Mexico, huzuia upepo vizuri. Ila ua wa mti wa namna moja una hatari. Mwaka 1986 mdudu mdogo afyonzaye utomvu wa sipre alionekana Malawi. Mwaka 1990 alikuwa amefika Kenya, na nyua nyingi zikakauka, zikawa nyekundu kama zilizopitiwa na moto.

Kwa hiyo twapenda kuchanganya. Mgrevilea wapatana na maharagwe na kahawa, na majani yake yaangukayo hufunika udongo. Umusave, kama waitwavyo Burundi na Rwanda, ni mti wa nchi zetu hizi, wenye maua ya njano. Lakini karibu na jiko tungepanda mparachichi: kivuli, tena chakula cha watoto. Uwe hatua nane au zaidi kutoka ukutani, mahali maji yasipotuama, la sivyo mizizi itaoza. Mche uliobebeshwa huweza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Uliotoka katika kokwa wataka uvumilivu.

Mizizi hiyo ina kazi nyingine pia. Maji ya mto Mulongwe, yaliyobomoa nyumba na kuua watu mjini Uvira mwezi wa Aprili 2020, yalitoka milimani, na mlima usio na miti hauzuii kitu.

Chimba shimo kabla ya mvua za Septemba, changanya udongo na samadi iliyooza, kisha zungusha miiba. Mbuzi wa jirani hana subira.