Barua-pepe ilivyovuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine



Mwezi Julai 1994 kipindupindu kilizuka katika kambi za Goma, hapo ng'ambo ya Gisenyi. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa, wengi kwa magonjwa ya kuhara. Miaka ile intaneti ilikuwa haijafika katika miji mingi ya Afrika. Je, madaktari wa Afrika Mashariki waliandikianaje na wenzao wa mbali?

Shida ilikuwa nini?

Kompyuta zilikuwa katika mitandao mbalimbali isiyoelewana. Mmoja uliitwa FidoNet, ulioanzishwa Marekani mwaka 1984 na Tom Jennings. Kompyuta zake zilipigiana simu, mara nyingi usiku bei ikiwa nafuu, zikapeana barua, kisha zikakata. Wenye vituo wengi walijitolea tu, kwa mashine na simu zao wenyewe. Lakini anwani ya Fido ilikuwa namba, na ya intaneti ilikuwa majina. Barua ya huku haikujua njia za kule.

Kituo cha kuvushia

Fikiria mtu anayekaa Petite Barrière, anayejua mitaa ya Gisenyi na ya Goma. Unampa barua, anaandika upya anwani jinsi wa ng'ambo wanavyoielewa, anaipeleka. Jibu likija, anafanya vilevile kurudi. Kompyuta ya kuvushia ilifanya kazi hiyo, kwa sababu ilikuwa na mguu katika mitandao yote miwili.

Daktari wa Kampala aliandika barua, akaituma kwa simu hadi kituo cha MUKLA, Chuo Kikuu cha Makerere. Barua ilisubiri hapo mpaka simu iunganishwe na GreenNet, London. London iliivusha hadi intaneti. Nairobi, kituo cha ELCI kilitumia njia hiyohiyo.

Na pasipo simu nzuri?

Shirika la SatelLife la Boston, lililoanzishwa na daktari Bernard Lown, lilikuwa na mtandao wa HealthNet. Lilitumia setilaiti ndogo, ikiwemo HealthSat-2 iliyorushwa mwaka 1993. Setilaiti ilipita juu ya kituo mara chache kwa siku, kwa dakika chache tu. Ilichukua barua, ikaenda nazo, ikaziteremsha mahali pengine. Ndiyo maana barua ziliandikwa fupi, bila picha.

Mwaka 1994 shirika hilo lilisaidia kuanzisha ProMED, huduma ya habari za milipuko ya magonjwa. Ebola ilipozuka Kikwit mwaka 1995, habari zake zilisambazwa kwa barua hizo.

Sisi tunajifunza nini?

Barua ilipita mikono mingi, na namba moja ikikosewa ilipotea. Habari ya mgonjwa kambini nayo hupita mikono: jirani, mhamasishaji wa afya, muuguzi. Kwa hiyo ukimtuma mtu, mwambie mambo haya:

- jina na umri wa mgonjwa;
- mahali anapolala;
- dalili, na zilianza lini;
- kama kuna mwingine nyumbani anayeumwa.

Kuhara maji kama ya mchele ni dalili ya hatari. Mpe mgonjwa maji ya ORS mara moja, mpeleke kituo cha afya, wala usingoje asubuhi. Barua ya setilaiti iliweza kungoja. Mgonjwa wa kipindupindu hawezi.